Kwa nini Wakamba, mabingwa wa kuchonga, hawakujenga hekalu

MGENI anayepanda milima ya Mbooni hadi kituo cha biashara cha Kikima, katika Kaunti ya Makueni, hukutana na makanisa makubwa kwa madogo, yaliyojengwa kwa mawe, matofali na mabati. Akiuliza lilipo hekalu la kale la wenyeji, yaani mahali walipoabudia kabla ya wamishonari kufika Ukambani, hataonyeshwa ukuta, nguzo wala sanamu. Ataonyeshwa mti mkubwa au kichaka cha miti, na pengine ataonyeshwa tu mahali miti hiyo ilipokuwa imesimama.

Jambo hili lina kitendawili ndani yake. Wakamba wanasifika kote duniani kwa ustadi wa kuchonga vinyago. Twiga, tembo na vifaru waliotoka mikononi mwao wamepamba nyumba za watu Ulaya, Marekani na Asia. Inakuwaje basi jamii yenye mafundi hodari kiasi hicho isiwe imeacha sanamu ya kuabudiwa, wala jengo la ibada ambalo mtalii angelipa kiingilio ili alitazame?

Kitendawili hicho huteguka kwa urahisi kikilinganishwa na historia ya nchi ambako mambo yalikwenda kinyume kabisa. Nchini Japani, dini ya Budha ndiyo iliyowapa wachongaji na maseremala kazi zao kubwa kuliko zote, na mahekalu yake ya mbao ni miongoni mwa majengo yanayoenziwa zaidi duniani.

Ulinganisho huo hauna nia ya kupima nani alimshinda mwenzake. Unaonyesha kwamba kila dini huacha urithi wa aina yake, na kwamba urithi wa Ukambani, kwa kuwa haukujengwa kwa mikono, ndio unaoweza kutoweka bila mtu yeyote kushtuka.

DINI ILIYOSAFIRI NA MAFUNDI WAKE

Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimpa jina la Budha, yaani aliyeamka, aliishi katika eneo la mpaka wa India na Nepal za leo karne kadhaa kabla ya Kristo. Mapokeo yanasema kwamba alipata mwangaza wa nafsi akiwa ameketi chini ya mti huko Bodh Gaya. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mikuyu inayoota Afrika Mashariki.

Kwa muda mrefu baada ya kifo chake, wachongaji wa India hawakuthubutu kuchonga sura yake. Walipotaka kuonyesha kwamba yupo, walichonga mti, gurudumu, nyayo mbili au kiti kisichokaliwa na mtu. Sanamu zake zenye umbo la binadamu zilianza kuenea karibu na karne ya 1 baada ya Kristo, hasa katika maeneo ya Gandhara na Mathura.

Wakati huo tayari dini hiyo ilikuwa safarini. Watawa na wafanyabiashara waliipeleka Asia ya Kati, kisha Uchina, na kutoka huko ikaingia Korea. Dini inayosafiri hukabiliwa na swali ambalo dini ya nyumbani haliulizwi: mtu aliye mbali na mahali patakatifu ataabudu wapi?

Mti wenyewe ulibebeka kwa kiasi tu. Chipukizi lake lilipelekwa Anuradhapura nchini Sri Lanka, na wahamiaji wa Kisinhala walioanzisha hekalu lao mjini Dar es Salaam mapema katika karne ya 20 nao walipanda mti wa uzao huo. Lakini mti huo haustahimili baridi ya Japani. Hata leo, mti unaoitwa kwa jina hilo katika mahekalu ya nchi hiyo ni wa ukoo mwingine kabisa. Palipokosekana mti, ilibidi sanamu, kitabu na jengo vishike nafasi yake.

Ndivyo Ubudha ulivyoingia Japani. Kumbukumbu za kale za nchi hiyo zinataja mwaka wa 538 au wa 552, kutegemea kitabu, kuwa ndio mwaka ambapo mfalme wa Baekje, mojawapo ya falme za Korea, alimpelekea mtawala wa Japani sanamu ya Budha pamoja na maandiko. Mnamo 577 yalifuata mafundi, akiwemo mchonga sanamu na mjenzi wa mahekalu. Mnamo 588 wakaja wengine, wakiwemo wajuzi wa kufinyanga vigae vya paa.

Wajapani hawakuwa bila dini kabla ya hapo. Waliheshimu nguvu walizoziita kami, ambazo zilikaa katika miti mikongwe, miamba, milima na maporomoko ya maji. Mara nyingi hapakuhitajika jengo. Kamba iliyofungwa kuzunguka shina la mti ilitosha kumwambia mpita njia kwamba amefika mahali pa heshima. Katika madhabahu ya Omiwa, karibu na Nara, hadi leo hakuna ukumbi mkuu wa kuhifadhi kitu kitakatifu, kwa sababu kitu chenyewe ni mlima ulio nyuma yake.

Mzee wa Mbooni wa karne ya 19 angeielewa ibada hiyo bila kufafanuliwa. Ambacho kingemshangaza ni kile kilicholetwa na Ubudha.

MBAO ZILIZODUMU MIAKA 1,300

Hekalu la Horyuji, lililo karibu na Nara, lilianzishwa mnamo 607 na linahusishwa na mwanamfalme Shotoku. Kumbukumbu zinasema liliteketea mnamo 670, likajengwa upya. Ukumbi wake mkuu na mnara wake wa orofa tano huhesabiwa kuwa majengo ya mbao ya kale zaidi duniani ambayo yangali yamesimama.

Mnara huo una asili ya mbali. Nchini India, mabaki ya Budha yalifukiwa chini ya kichuguu cha udongo na matofali. Wachina walikigeuza kichuguu hicho kikawa mnara. Wajapani, waliokuwa na misitu mikubwa na ardhi inayotetemeka mara kwa mara, wakaujenga kwa mbao kuzunguka nguzo moja ndefu ya katikati. Wataalamu waliochunguza pete za nguzo ya Horyuji walibaini kwamba mti wake ulikatwa mnamo 594.

Dola nayo ilipata njia ya kujionyesha. Mnamo 752 ilizinduliwa sanamu ya shaba ya Budha katika hekalu la Todaiji mjini Nara, yenye urefu wa takriban mita 15. Ukumbi unaoihifadhi uliteketezwa kwa vita mnamo 1180, na tena mnamo 1567. Ukumbi unaoonekana leo ulikamilika mnamo 1709.

Baada ya moto wa 1180, mtawa Chogen, aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka 60, alikabidhiwa kazi ya kulijenga upya. Ilimlazimu kutafuta miti hadi jimbo la Suo, magharibi ya mbali, kwa sababu miti mikubwa ya kutosha haikupatikana karibu. Mnamo 1203 wachongaji Unkei na Kaikei, wakisaidiwa na wenzao, walichonga walinzi wawili wa lango kuu la kusini, kila mmoja akiwa na urefu wa zaidi ya mita 8. Waliwamaliza kwa muda wa takriban miezi miwili.

Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu ya mbinu ambayo kila mchongaji wa Wamunyu au Changamwe angeitazama kwa hamu. Badala ya kuchonga gogo moja, mafundi wa Kijapani waliunganisha vipande vingi vya mbao, kila kimoja kikichongwa na mtu wake. Aliyeikamilisha mbinu hiyo ni Jocho, na kazi yake ya 1053 ingali katika hekalu la Byodoin, karibu na Kyoto. Sanamu ya aina hiyo haihitaji mti mkubwa mno, na haipasuki kwa urahisi mbao zinapokauka.

Kwa muhtasari, Ubudha uliwapa Wajapani mteja mwenye uwezo, kazi isiyokwisha, na sababu ya kurithishana ufundi kizazi baada ya kizazi. Hekalu lilikuwa karakana, chuo na hazina kwa wakati mmoja.

HEKALU LISILO NA KUTA

Ukambani mambo yalifuata njia nyingine. Masimulizi ya wazee yanaitaja milima ya Mbooni kuwa miongoni mwa makao ya kwanza ya Wakamba baada ya safari yao kutoka kusini, yapata karne ya 17, kabla ya kuenea Kitui na kwingineko. Jina Mbooni lenyewe huelezwa kuwa na maana ya mahali pa nyati.

Katika makao hayo, kila eneo lilikuwa na ithembo lake, au mathembo yakiwa mengi. Jina hilo lina asili moja na neno la Kikamba la kutoa sadaka. Ithembo lilikuwa kichaka au mti mkubwa, aghalabu wa jamii ya mikuyu, na hasa ule unaoitwa muumo. Wazee waliokabidhiwa kazi hiyo, wanaume kwa wanawake, walikutana hapo kuomba mvua wakati wa ukame, kutoa malimbuko ya mavuno, na kuomba salama maradhi yalipoingia. Mbuzi alichinjwa, vyakula na pombe vikatolewa kwa aimu, yaani roho za waliotangulia, na kupitia kwao maombi yakamfikia Mungu.

Hapakuwa na mlango wala paa. Mahali penyewe palilindwa kwa mwiko. Haikuruhusiwa kukata mti wa ithembo, wala kwenda kuokota kuni chini yake kana kwamba ni pori la kawaida. Kwa desturi, hata mnyama au mtu aliyekimbilia humo hakuguswa.

Mungu huyo aliitwa Ngai au Mulungu. Lakini majina mawili mengine ndiyo yanayogusa zaidi suala la sanaa. Moja ni Mumbi, yaani Muumba, kutokana na kitenzi kilekile ambacho Kiswahili hukitumia kwa Mungu na kwa mfinyanzi. La pili ni Mwatuangi, yaani Mpasuaji. Majina yote mawili ni ya fundi. Katika lugha ya Wakamba, Mungu ndiye aliyefinyanga na kupasua, na hakuna mtu aliyejaribu kumchonga.

Mwanatheolojia John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mnamo 1931 na kufariki mnamo 2019, alilifafanua suala hili katika vitabu vyake, kikiwemo kile cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alieleza kwamba dini za jadi za bara hili hazikuwa na wamishonari wala hazikutafuta waumini wa nje. Mtu alizaliwa ndani ya dini pamoja na ukoo wake na ardhi yake. Alisisitiza pia kwamba Waafrika hawakuwa na desturi ya kutengeneza sanamu za Mungu.

Maelezo hayo ndiyo yanayotegua kitendawili. Dini ambayo haisafiri kwenda kwa wageni haina haja ya kubebeka. Haihitaji sanamu ya kumwonyesha mtu wa mbali jambo asilolijua, wala jengo la kumdhihirishia mtawala mgeni ukuu wake. Mti uliokuwapo ulitosha.

Hii haimaanishi kwamba mikono ya Wakamba ilikaa bure. Wazee walibeba vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya nyembamba za madini zilizozamishwa ndani ya mbao. Vibuyu vilichorwa mapambo, wanawake walisuka vyondo, na mafundi wa madini walitengeneza mikufu myembamba iliyotamaniwa na majirani. Katika jando, vijana walikabidhiwa fimbo zilizochorwa alama za mafumbo ili wazifumbue. Sanaa ilikuwapo, ila ilikaa katika vyombo vya maisha na haikuinuliwa madhabahuni.

TEZO ILIPITIA MLANGO WA SOKO

Uchongaji wa vinyago unaowapa Wakamba sifa leo ni wa karne moja hivi, na haukutokana na ibada. Unahusishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos ya sasa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, na huko akajifunza kwa wachongaji wa pwani jinsi ya kuukabili mpingo. Baadhi ya wasimulizi huwataja walimu wake kuwa Wamakonde, ila watafiti wengi wanawataja Wazaramo wa karibu na Dar es Salaam.

Aliporejea nyumbani, ujuzi huo ulienea kwa jamaa na majirani, na Wamunyu ikageuka kuwa kijiji cha wachongaji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara ilipamba moto, na katika miaka ya 1960 wachongaji waliohamia Mombasa wakaunda chama cha ushirika huko Changamwe.

Tofauti na Unkei, aliyechongea hekalu, mchongaji wa Kikamba alichongea mnunuzi. Askari, walowezi na hatimaye watalii ndio walioamua kinachochongwa. Walitaka wanyama wa porini na mashujaa wenye mikuki, wakapata. Wengine walitaka misalaba na vinyago vya kuzaliwa kwa Yesu, navyo wakapata. Fundi hakuwa na taasisi ya kumlisha wakati wa kiangazi cha biashara, wala ya kuihifadhi kazi yake bora. Kazi bora ndiyo iliyonunuliwa kwanza na kuondoka nchini.

Biashara hiyo pia ilikula miti. Mpingo na muhugu vilipoadimika, mashirika ya uhifadhi katika miaka ya 1990 yalianza kuwahimiza wachongaji watumie mwarobaini, mti unaokua upesi. Ulazima uliowafundisha mafundi wa Japani kuunganisha vipande ndio uliowafundisha wa Kenya kubadilisha mti.

UKUTA UKAJA, MTI UKAKATWA

Dini yenye kuta iliwasili Ukambani mwishoni mwa karne ya 19. Mnamo 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza huko Nzaui, katika Makueni ya leo. Scott alifariki mwishoni mwa mwaka uliofuata, lakini kazi haikukoma. Walutheri wa Leipzig nao walikuwa tayari wamefungua kituo Ikutha, upande wa Kitui.

Kama ilivyokuwa kwa Ubudha nchini Japani, Ukristo ulikuja na kitabu, shule na mafundi. Ulifundisha useremala, ufyatuaji wa matofali na uezekaji. Kanisa lenye pembe nne lilikuwa jambo jipya katika nchi ya nyumba za mviringo.

Lakini njia za dini hizo mbili zilitofautiana katika jambo moja. Nchini Japani palikuwa na upinzani mkali mwanzoni, na ukoo wa Mononobe unasimuliwa kuwa uliitupa sanamu ya Budha majini. Baadaye, hata hivyo, Budha na kami walikaa pamoja kwa zaidi ya miaka 1,000. Hekalu lilijengwa kando ya madhabahu ya kale, na miti ya madhabahu ikaachwa isimame. Ukambani, waongofu wengi walifundishwa kwamba ithembo ni makao ya shetani. Muumini mwaminifu hakuona sababu ya kuulinda mti huo, na wengine waliuona ukataji wake kuwa ushahidi wa imani.

Mapatano ya sanaa na Ukristo yalipatikana kwa nadra. Mfano unaojulikana zaidi uko Murang'a, ambako mnamo 1959 msanii Elimo Njau alichora katika kanisa la Kianglikana picha za maisha ya Yesu zenye mandhari ya Ugikuyuni. Katika sehemu nyingi, kanisa lilipokea kazi ya fundi wa ukuta na paa, na likamwacha mchongaji sokoni.

Pigo la pili lilitoka katika vipimo vya ardhi. Sheria ya 1968 ya kuamua umiliki wa mashamba iliharakisha ugawaji wa ardhi kwa watu binafsi. Ithembo lililokuwa la wote likajikuta ndani ya shamba la mtu mmoja mwenye hatimiliki, mwenye watoto wa kusomesha na mwenye haja ya mbao au makaa. Katika milima yenye watu wengi kama Mbooni, kila kipande cha ardhi kina thamani, na mwiko usioandikwa popote hauna nguvu mbele ya hati.

KINACHOJENGWA UPYA NA KISICHOJENGWA UPYA

Hapa ndipo ulinganisho na Japani unapokuwa na uzito. Horyuji liliungua likajengwa. Todaiji liliungua mara mbili likajengwa. Ilihitajika miti, fedha, na fundi aliyerithi vipimo vya babu yake, na baada ya muda hekalu likasimama tena. Ithembo likikatwa, hakuna fundi wa kulirejesha. Muumo mkubwa ni kazi ya vizazi kadhaa, na viumbe waliokuwa wakiishi chini yake hawaitwi kwa nyundo.

Wajapani wenyewe waliuonja uchungu huo. Mnamo 1868 serikali yao iliamuru Ubudha utenganishwe na ibada ya kami, na mahekalu mengi yakavunjwa. Mnamo 1906 ikaanza kuyaunganisha madhabahu madogo ya vijijini ili kupunguza gharama. Makumi ya maelfu yalifungwa, na vichaka vyake vikauzwa kuwa mbao.

Mwanasayansi Minakata Kumagusu alisimama kupinga. Alieleza kwamba vichaka hivyo vilihifadhi ndege waliokula wadudu waharibifu, mimea isiyopatikana kwingine, na mshikamano wa kijiji. Alitiwa kizuizini mnamo 1910 kwa sababu ya mzozo huo, na sera yenyewe iliachwa mnamo 1920, wakati vichaka vingi vilikuwa vimekwisha kutoweka.

Kenya ilisikia hoja hiyohiyo kutoka kwa Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004. Katika kumbukumbu zake za 2006 alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo, mti wa Mungu kwa Wagikuyu, na jinsi kijito kilichokuwa karibu nao kilivyotoweka baada ya mti huo kukatwa. Aliamini kwamba mizizi ya mti na maji ya chini ya ardhi vilikuwa na uhusiano ambao wazee waliulinda kwa lugha ya dini.

Profesa Maathai ndiye pia aliyetangaza kwa ulimwengu, baada ya ziara yake ya Japani mnamo 2005, neno mottainai, lenye asili katika mafundisho ya Kibudha na linalokemea kupoteza bure kitu chenye thamani. Binti wa Nyeri alilikuta nchini Japani neno la fikra aliyoisikia kwa mama yake.

SHERIA IPO, ORODHA HAIPO KAMILI

Kisheria, njia ya kuyaokoa mathembo yaliyosalia ipo wazi. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinataja waziwazi madhabahu, pamoja na misitu ya jamii na malisho, kuwa sehemu ya ardhi ya jamii pale inapomilikiwa, kusimamiwa au kutumiwa na jamii hiyo kihalali. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inaruhusu mahali penye umuhimu wa kitamaduni kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na kulindwa.

Wamijikenda wa Pwani wameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Misitu yao ya kaya ilianza kutangazwa kuwa turathi za kitaifa mnamo 1992, na mnamo 2008 baadhi yake ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaya, kama ithembo, hazina minara wala sanamu za miungu. Zilipokewa katika orodha ileile yenye Horyuji, ambalo liliorodheshwa mnamo 1993. Ulimwengu ulikubali kwamba msitu uliotunzwa kwa mwiko ni kazi ya utamaduni sawa na hekalu lililojengwa kwa patasi.

Hata hivyo, tangazo la serikali haliwezi kutangulia ufahamu wa wenyeji. Kaya zilihifadhika kwa sababu wazee walijua mipaka yake na walikubali kuitaja. Katika Ukambani, wanaojua mahali ithembo fulani lilipokuwa, jina lake na kanuni zake ni wazee wachache, na kila mwaka idadi yao hupungua. Kabla ya mwanasheria au mhifadhi kufanya lolote, pana kazi ya mwanafunzi mwenye daftari na mzee mwenye kumbukumbu.

Makanisa nayo yana nafasi. Muumini wa leo hahitaji kurudi kutoa sadaka chini ya muumo ili auache mti huo uishi, kama vile Mjapani asiye na dini asivyohitaji kumwamini Budha ili alilinde Horyuji. Viwanja vya makanisa na shule ni miongoni mwa ardhi chache vijijini zisizogawanywa kila baba anapofariki. Muumo uliopandwa humo leo una nafasi nzuri ya kuzeeka.

Wachongaji pia wana hoja ya kujitetea na ya kujiuliza. Ufundi wao ulikua bila hekalu la kuutunza, na hiyo ni sifa. Lakini tezo haina kazi pasipo mti. Katika Ukambani ya zamani, miti mikubwa zaidi ilinusurika kwa sababu palikuwa na watu waliosema kwamba huu haukatwi, na wakasikizwa. Anayetaka kujua kama kuna mtu bado mwenye mamlaka hayo Mbooni hana haja ya kusoma vitabu vya sanaa. Na ahesabu miumo iliyobaki.